Theluji ya Zermatt na Nyasi za Chepkitale

Kila mwaka baridi inapoingia Ulaya, magazeti ya huko hupanga orodha za nchi bora za kuteleza kwenye theluji. Ufaransa husifiwa kwa ukubwa wa viwanja vyake, Austria kwa ukarimu wa vijiji vyake, Uswizi kwa uzuri wa milima, Japani kwa theluji laini ya Hokkaido, Marekani na Kanada kwa miteremko mirefu ya milima ya Rocky. Vigezo ni vilevile mwaka hadi mwaka: kina cha theluji, urefu wa miteremko, wingi wa viti vinavyopandisha watu kwa waya, bei ya tiketi ya siku. Mkazi wa Kitale au Bungoma akizisoma orodha hizo atazipita upesi, kwa kuwa haoni kinachomhusu humo. Nashikilia kwamba zinamhusu sana. Anaishi chini ya mlima wenye kimo cha mita 4,321, mlima unaomnywesha maji ya mto Nzoia, na orodha hizo zimeacha nje kigezo ambacho kingemfaa kuliko vyote, nacho ni umiliki: mlima ni wa nani, na aliyekuwa akiutumia kabla ya wageni kufika yuko wapi leo. Nchi hizo zikipimwa upya kwa kigezo hicho, mpangilio wake unabadilika, na mlima Elgon nao unapata nafasi ya kulinganishwa.

Kwanza tuiondoe njiani dhana iliyozoeleka, kwamba Mkenya hukutana na theluji kwa njia ya mwanariadha mmoja shujaa. Philip Boit, mkimbiaji wa mbio za mita 800 kutoka Bonde la Ufa, alichukuliwa katikati ya miaka ya 1990 kwa udhamini wa kampuni ya Nike, akapelekwa Finland kujifunza kuteleza. Wazo lilikuwa kwamba mapafu ya mtu wa nyanda za juu yangetosha. Februari 1998, katika Olimpiki za Nagano, alimaliza kilomita 10 akiwa wa mwisho, nafasi ya 92, dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, aliyemngoja kwenye utepe ili amkumbatie. Picha ile ilipendwa dunia nzima, na Boit alistahili kila heshima aliyopewa. Lakini jaribio lenyewe lilijibu swali lake waziwazi: mapafu hayakutosha. Miaka 20 baadaye Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi, akawa mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Kenya katika Olimpiki za majira ya baridi, huko PyeongChang. Yeye alihamia Austria akiwa na miaka mitatu, akakulia mahali ambapo mteremko upo karibu na nyumba na mtoto haombi ruhusa kuupanda. Mtu huyu wa pwani aliteleza vizuri kuliko wa milimani kwa sababu alilelewa karibu na mlima ulio wazi kwa watoto wake, na kuwa wazi huko si kazi ya hali ya hewa. Ni jambo la sheria, desturi na umiliki.

Norway ndiyo inayoonyesha hili vizuri zaidi. Ni nchi ya watu milioni tano na ushee, na hakuna nchi nyingine yenye medali nyingi zaidi katika historia ya michezo ya baridi; Beijing mwaka 2022 iliondoka na dhahabu 16. Wengi hueleza mafanikio hayo kwa theluji, ilhali Urusi na Kanada zina theluji nyingi zaidi. Norway ina sheria ya mwaka 1957 inayompa kila mtu haki ya kupita, kwa miguu au kwa mbao za kutelezea, katika ardhi isiyolimwa, hata kama ardhi hiyo ina mwenyewe, mradi asiharibu kitu. Ina pia chama cha watembea milima kilichoundwa mwaka 1868, chenye vibanda zaidi ya 500 vya kulala vilivyotapakaa nchini. Vingi havina mlinzi. Mwanachama hufungua kwa ufunguo mmoja unaofanana kwa vingi vya vibanda hivyo, hupika, hulala, hufagia na hulipa bila kusimamiwa. Mtoto wa mfanyakazi wa kawaida hupanda mlima bila kupita lango lolote la kulipia. Hapo ndipo walipotoka akina Dæhlie.

Ufaransa ilichukua njia nyingine kabisa. Katika miaka ya 1960 na 1970 serikali ya Paris iliandaa mpango wa kujenga miji ya theluji juu kabisa milimani, mahali ambapo hapo awali palikuwa na malisho ya kiangazi tu. Wajenzi walipewa ardhi, nyingine ikichukuliwa kwa nguvu ya sheria kutoka kwa wanavijiji na vijiji vyenyewe, na majengo makubwa ya vyumba yakasimama: La Plagne, Avoriaz, Les Arcs, Val Thorens iliyo mita 2,300 juu ya bahari. Kwa mtelezaji hakuna kasoro. Anavaa mbao zake mlangoni mwa chumba na kushuka moja kwa moja, na mtu akiulizwa nchi yenye viwanja bora atakuwa na haki ya kuitaja Ufaransa. Mimi siiweki juu. Mwaka 1977 Rais Valéry Giscard d'Estaing mwenyewe alisimama Vallouise, kijiji cha milimani, akatangaza kwamba ujenzi wa namna ile ulikuwa umevuka mpaka na kwamba milima ilipaswa kurudishiwa watu wake. Leo maelfu ya vyumba katika miji ile hufungwa sehemu kubwa ya mwaka, wenyewe wakiwa mbali, na halmashauri zinahangaika kutunza barabara na mabomba kwa ajili ya wateja wa wiki chache. Mlima uliopangwa ofisini mjini ulipata wageni wengi na wenyeji wachache mno.

Kati ya mifano hiyo miwili kuna wa tatu, na huo ndio ningependa kila diwani wa Trans Nzoia na Bungoma ausome kwa makini. Zermatt, chini ya mlima Matterhorn, ilikuwa kijiji cha wafugaji maskini. Ardhi ya juu, yaani malisho, msitu na miamba, ilikuwa mali ya pamoja ya koo za kijiji, zikiwa na baraza lao la kugawa haki za malisho. Mwaka 1865 Waingereza wakiongozwa na Edward Whymper walifika kileleni pamoja na waongozaji wa Alpi. Wanne wakafa wakishuka, na habari za vifo hivyo zikawavuta wageni kutoka Ulaya nzima. Wanakijiji wangeweza kuuza. Wakati huo malisho yale hayakuwa na bei kubwa na pesa za watu wa hoteli zilikuwa tayari. Badala yake baraza la koo lilijenga hoteli yake, Zermatterhof, iliyofunguliwa mwaka 1879, na hadi leo baraza hilohilo ndilo lenye hoteli hiyo, lina hoteli na mikahawa mingine juu mlimani, na lina hisa katika kampuni ya viti na magari ya waya. Wajukuu wa wachungaji ndio wapangishaji, waongozaji na wenye hisa. Kwa sababu hiyo, nikiulizwa nchi ninayoipenda kwa michezo ya theluji, naitaja Uswizi, na hasa kijiji hicho, ingawa tiketi yake ya siku ni miongoni mwa ghali kabisa duniani.

Sasa tuutazame mlima wetu. Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, upande wa Kenya, ilitangazwa mwaka 1968, ikiwa na kilomita za mraba 169, na lango lake kuu la Chorlim liko karibu kilomita 30 kutoka Kitale kupitia Endebess. Ndani yake kuna pango la Kitum, ambamo tembo huingia gizani kuchokonoa chumvi ukutani kwa pembe zao, na kuna njia ya kufika Koitobos, kilele cha mita 4,222. Upande wa Bungoma, juu ya Kapsokwony na Kaptama, kuna Chepkitale, uwanda wa nyasi ulio zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari, ambamo Waogiek wamefuga ng'ombe na kurina asali vizazi na vizazi. Mwaka 2000 uwanda huo nao ulitangazwa kuwa hifadhi. Kuanzia hapo mwenyeji alihesabiwa kuwa mvamizi katika malisho ya babu yake, nyumba zikachomwa katika operesheni za kuwaondoa, na kesi ikafunguliwa. Septemba 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Bungoma iliamua kwamba utangazaji ule wa mwaka 2000 ulikiuka haki za jamii hiyo. Katiba ya 2010 ilikuwa imeshasema, katika kifungu cha 63, kwamba ardhi ya mababu ya jamii za wawindaji na wakusanyaji ni ardhi ya jamii. Hukumu hiyo ilipokewa kama habari ya haki za binadamu, na ni kweli ndivyo ilivyo. Naongeza kwamba ndiyo hati muhimu zaidi ya utalii iliyowahi kuandikwa kuhusu Elgon, kwa sababu imewaweka Waogiek mahali walipokuwa watu wa Zermatt mwaka 1865: wana malisho ya juu, wana baraza, na mgeni bado hajafika kwa wingi.

Upande wa Uganda unatuonyesha mambo mawili kwa mpigo. Maporomoko ya Sipi, katika Kapchorwa, yako nje ya mpaka wa hifadhi, katikati ya mashamba ya kahawa. Kwa kuwa ardhi ni ya wanakijiji, vijana wa pale wamekuwa waongozaji, nyumba zimefungua vyumba vya wageni, na mkulima humwonyesha mgeni namna ya kuchuma, kukoboa na kukaanga kahawa yake kisha akamuuzia. Sipi haina lango kubwa wala brosha za kifahari, lakini mgeni anayeulizia Elgon katika miji ya Ulaya mara nyingi huelekezwa kule. Juu zaidi, ndani ya hifadhi, Wabenet walitolewa katika nyanda zao, na ingawa Mahakama Kuu ya Mbale iliwatambua mwaka 2005 kuwa wenyeji wa kihistoria wa eneo hilo, maisha yao mpakani mwa hifadhi yameendelea kuwa ya kusukumwa. Mlima ni mmoja, udongo ni mmoja. Panapokuwa na mwenye ardhi pana biashara, na panapokuwa na mtu aliyefukuzwa pana ugomvi.

Pingamizi la kwanza liko wazi: Elgon haina theluji. Iko nyuzi moja tu kaskazini mwa Ikweta. Usiku kileleni maji huganda, mvua ya mawe huweza kuupaka mlima rangi nyeupe, na jua la saa nne huyeyusha yote. Hata Lesotho, ambako kuna kiwanja cha Afriski katika milima ya Maluti zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari, hutegemea baridi kali ya Juni hadi Agosti ili mashine zitengeneze theluji, na sisi hatuna msimu wa namna hiyo. Wala sipendekezi jambo kama la Dubai, ambako tangu mwaka 2005 watu huteleza ndani ya jengo la maduka. Ninacholinganisha ni namna ya kumiliki mlima, na hapo theluji haihitajiki. Zermatt ilianza na wageni wa kiangazi waliokuja kutembea na kupanda. Theluji ikawa biashara baadaye. Tena theluji yenyewe inaondoka. Barafu ya Kilimanjaro na ya mlima Kenya, kwa tathmini ya UNESCO ya mwaka 2022, inatazamiwa kutoweka kufikia mwaka 2050, na katika Alpi viwanja vya chini vimeanza kufunga kwa kukosa theluji. Kijiji kinachomiliki malisho, njia na vibanda kitabaki na la kuuza: matembezi, baiskeli za mlimani, kukwea miamba, jibini, asali. Mji uliojengwa kwa theluji peke yake hauna kimbilio hilo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na wanaolitoa wanaupenda mlima kama mimi. Wanasema mwenyeji akirudishiwa ardhi msitu utakwisha, maji ya Nzoia na Turkwel yatapungua, na wakulima wa mahindi wa Trans Nzoia ndio watakaolipa. Hofu hiyo haipaswi kupuuzwa, maana msitu wa Elgon umekatwa kwelikweli. Lakini ukataji mkubwa umefanyika katika ukanda wa chini, kwenye mbao za biashara, makaa na mashamba yaliyofunguliwa kwa vibali au kwa kufumba macho, chini ya usimamizi wa taasisi za serikali. Waogiek wa Chepkitale, kwa upande wao, wameandika sheria ndogo za jamii zinazokataza kuchoma makaa katika eneo lao. Na Uswizi ilishakabiliana na swali hilihili. Katika karne ya 19 milima yake ilikuwa imenyolewa miti, mafuriko yakaua watu mabondeni. Mwaka 1876 nchi ilipitisha sheria ya misitu ikakataza kupunguza eneo la msitu wa milimani. Haikuzipokonya koo ardhi yao. Ilizipa wajibu, ikaweka maafisa wa misitu wa kukagua, ikaadhibu waliokiuka. Leo Uswizi ina msitu mkubwa kuliko ilivyokuwa nao wakati ule. Umiliki wa jamii na ulinzi mkali wa serikali vilitembea pamoja miaka 150, na sioni kwa nini visiweze kutembea pamoja kati ya Kapsokwony na Koitobos, kukiwa na mlinzi wa msitu anayelipwa kwa wakati.

Wengine watataja usalama, wakikumbuka miaka ya 2006 hadi 2008, wakati wanamgambo wa Sabaot Land Defence Force (SLDF) walipoua na kukata watu masikio, na baadaye jeshi lilipopanda mlimani kwa operesheni ya Okoa Maisha, nayo ikaacha malalamiko ya mateso na watu waliopotea. Mamia walikufa. Lakini damu ile ilianzia wapi? Ilianzia Chebyuk, katika mpango wa makazi ulioanzishwa mapema miaka ya 1970 ili kuwapokea watu walioshushwa kutoka Chepkitale. Ardhi iligawanywa, ikafutwa, ikagawanywa tena kwa awamu, kila awamu ikiacha waliokosa. Kuwatoa watu juu kulileta msongamano chini, na msongamano ukaleta bunduki. Anayetaka Elgon yenye amani ana sababu zaidi, si chache, za kutaka umiliki wa juu usuluhishwe.

Kuhusu mtaji, jibu liko saa chache tu kwa gari kutoka Kitale. Iten haikujengwa na mwekezaji wa kigeni. Wanariadha wenyewe, Lornah Kiplagat akiwa miongoni mwa wa kwanza mwishoni mwa miaka ya 1990, walijenga kambi na nyumba za wageni kwa fedha za mbio, na sasa wakimbiaji wa dunia nzima hulipa ili walale na kufanya mazoezi mita 2,400 juu ya bahari. Elgon ina jina la aina hiyohiyo likiwa halijatumika: Ben Jipcho, mshindi wa fedha wa Olimpiki ya 1972, alitoka mlima huu, Edith Masai vilevile, Linet Masai, bingwa wa dunia wa mita 10,000 mjini Berlin mwaka 2009, vilevile, na ng'ambo ya mpaka Joshua Cheptegei alipata mazoezi yake Kapchorwa kabla ya kuchukua dhahabu ya Paris mwaka 2024.

Hatari ninayoiogopa mimi ni nyingine, na inatoka Zermatt hiyohiyo. Alexander Seiler, mwenye hoteli aliyehamia pale na kukijenga kijiji kwa jasho lake, alinyimwa haki ya kuwa mwanakijiji kwa karibu miaka 20. Koo ziligoma hadi serikali ya shirikisho ikaingilia kati, na suala likaisha mwaka 1889. Jamii ikimiliki mlima inaweza pia kufunga mlango kwa mke aliyeolewa kutoka nje, kwa Mbukusu aliyekulia Kaptama, kwa kijana asiye na mzee wa kumsemea barazani. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inadai orodha ya wanajamii, kamati iliyochaguliwa na uamuzi wa mkutano mkuu, na inakataza ubaguzi. Masharti hayo yafuatwe kwa ukamilifu tangu siku ya kwanza, maana kuyarekebisha baada ya pesa kuingia ni kazi ngumu mno.

Kaunti mbili zina kazi ya kufanya, na mpangilio wa kazi hiyo una maana. Usajili wa Chepkitale kama ardhi ya jamii ukamilike kabla ya mkataba wowote wa hoteli, kambi au baiskeli kutiwa saini. Kisha njia moja iwekwe alama kutoka Kapsokwony kupitia Chepkitale hadi Koitobos na kushukia Chorlim, yenye vibanda vitatu au vinne vya jamii, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori likubali tiketi moja kwa njia nzima, sehemu ya ada ikirudi kwa kamati ya jamii. Wanafunzi wa shule za kaunti zote mbili wapite bure. Haki ya Norway ianzie kwao. Halafu tuzungumze na Kapchorwa. Zermatt na Cervinia ya Italia hutumia tiketi moja inayovuka mpaka juu ya barafu, mtelezaji akila chakula cha mchana nchi nyingine na kurudi jioni. Barabara kutoka Kapchorwa kupitia Suam na Endebess hadi Kitale imejengwa kwa mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika, na lori hupita. Mtembezi anayetoka Sipi akitaka kushukia Kitum bado hulazimika kutafuta vibali viwili kwa mamlaka mbili. Mawaziri wa utalii wa nchi hizi mbili wanaweza kuliondoa hilo kwa mkataba wa kurasa chache, wakianza na maji moto ya bonde la Suam, ambako njia za pande zote mbili tayari zinakutana.